Barua ya Chuo cha Ng'ambo: Somo kwa Kamati za Parokia Kabla ya Kuchangisha



Wapendwa wanakamati wa maendeleo, pamoja nanyi ndugu wafadhili mnaotusaidia kutoka mbali, karibuni katika somo la robo hii. Ombi tunalolizungumzia linafahamika katika jumuiya za Kibirizi na mwambao mzima wa ziwa. Kijana amemaliza shahada ya kwanza, amefanya kazi kidogo, kisha anapokea barua kwamba amekubaliwa kusoma shahada ya uzamili ya uongozi wa biashara, ile inayoitwa MBA, katika chuo cha ng'ambo. Familia inafurahi, jirani wanapiga vigelegele, na Jumapili inayofuata baba yake anamfuata mwenyekiti wa kamati nje ya kanisa akiomba parokia ichangie. Wakati mwingine ameshapata mteja wa kununua mtumbwi, injini na nyavu.

Lengo la somo ni kumwezesha mwanakamati kuisoma barua ile, kujua inaahidi nini na haiahidi nini, na kupiga hesabu kabla daftari la michango halijafunguliwa. Hatukusudii kuwakatisha vijana tamaa. Wapo wanaokwenda, wakasoma na wakafanikiwa. Lakini kamati ikichangisha bila kuelewa, mtumbwi unaweza kuuzwa na kijana asipande ndege.

Mtakumbuka katika Injili ya Luka, sura ya 14, yule aliyetaka kujenga mnara. Tufanye kama alivyoshauriwa: tuketi kwanza tuhesabu.

Kuisoma barua

Jambo la kwanza ni kujua kwamba milango ni mitatu, na kila mmoja una bawabu wake. Chuo ndicho kinachomkubali mwanafunzi. Serikali ya nchi ile ndiyo inayotoa viza. Mwajiri ndiye anayetoa kazi. Barua ya chuo imetoka kwa bawabu wa kwanza tu, naye hana mamlaka juu ya wale wawili. Hata kama barua imejaa picha za wahitimu wenye tai, hakuna chuo kinachoweza kuahidi viza, wala kazi.

Pili, tazameni kama barua ina masharti. Barua nyingi za mwanzo husema mwombaji amekubaliwa endapo ataleta matokeo ya mtihani wa Kiingereza kama IELTS, vyeti halisi, au amana ya ada. Hiyo ni barua yenye masharti, na haitoshi kuombea viza. Kwa Uingereza, mwanafunzi anahitaji namba maalumu iitwayo CAS, ambayo hutolewa na chuo chenye leseni ya serikali, kwa kawaida baada ya masharti kutimizwa na amana kulipwa. Orodha ya vyuo vyenye leseni iko wazi katika tovuti ya serikali ya Uingereza, na kijana yeyote mwenye simu anaweza kuifungua mbele ya kamati. Chuo kisipokuwemo katika orodha hiyo, maombi ya viza ya mwanafunzi hayana msingi.

Tatu, tafuteni mahali panapozungumzia kurudishwa kwa amana. Je, viza ikikataliwa chuo kitarudisha fedha zote, au kitakata? Kila chuo kina utaratibu wake, na sentensi hiyo moja inaweza kuwa na thamani ya nyavu nzima za familia.

Jambo jingine ni kwamba MBA ni masomo ya watu waliokwisha kufanya kazi. Vyuo vingi vinavyoheshimika huomba uzoefu wa miaka miwili au mitatu, na baadhi huomba mtihani wa GMAT. Kijana aliyehitimu mwezi uliopita, ambaye hajawahi kusimamia hata duka, akipokea barua ya MBA ndani ya siku tatu bila kuulizwa uzoefu wake, kamati ina haki ya kujiuliza chuo kinatafuta nini.

Hesabu ya mwaka mmoja

Tuchukue mfano. Binti mmoja, ambaye si mtu halisi ila tumemtunga kwa ajili ya somo hili, amekubaliwa katika chuo cha kawaida nje ya London kwa mwaka mmoja. Ada yake ni paundi 15,000. Vipo vya ghali zaidi: London Business School hutoza zaidi ya paundi 100,000 kwa MBA yake. Ili hesabu iende, tukadirie paundi moja kuwa shilingi 3,300.

Zaidi ya ada, serikali ya Uingereza inataka aonyeshe fedha za kujikimu kwa miezi tisa. Kwa viwango vilivyoanza Novemba 2025 ni paundi 1,171 kwa mwezi nje ya London, yaani paundi 10,539. Ada ya viza mwaka 2025 ilikuwa paundi 524. Upo pia mchango wa huduma ya afya, paundi 776 kwa mwaka, na kwa kuwa viza ya masomo ya mwaka mmoja huongezewa miezi ya ziada, hutozwa mwaka na nusu, yaani paundi 1,164.

Jumla ni paundi 27,227, karibu shilingi milioni 90. Hapo hatujagusa nauli ya ndege, kipimo cha kifua kikuu ambacho Watanzania wanaokwenda kwa zaidi ya miezi sita hutakiwa kupima, mtihani wa Kiingereza, wala safari za Kigoma na Dar es Salaam, ambazo kila mmoja wetu anajua zinavyokula fedha. Kumbukeni vilevile kwamba mwaka una miezi kumi na miwili, si tisa.

Hapo ndipo husikika sauti kutoka nyuma ya ukumbi: "Atafanya kazi huko huko ajilipie." Tuitazame hoja hiyo kwa utulivu, maana ndiyo inayowauzia watu mitumbwi. Viza ya mwanafunzi Uingereza inaruhusu kazi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kima cha chini cha mshahara kwa mtu mzima kilichoanza Aprili 2025 kilikuwa paundi 12.21 kwa saa. Saa 20 zinaleta paundi 244 na senti kidogo kwa wiki, ambazo kwa mwezi ni kama paundi 1,058. Linganisheni na zile paundi 1,171 ambazo serikali yenyewe inazihesabu kuwa ni za kujikimu. Hata akipata kazi wiki ile ile aliyofika, asiugue, asikose siku hata moja, mshahara hautoshi chakula na pango. Ada haimo. Fedha za kumtumia mama haziwezi kuwemo.

Fedha zikae wapi, na kwa siku ngapi

Sehemu hii inazigusa kamati moja kwa moja. Uingereza inataka fedha ziwe katika akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, au ya mzazi wake, au mlezi wa kisheria. Zikae humo siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na taarifa ya benki iwe ya karibuni. Wadhamini wanaotambulika ni kama serikali, vyuo vikuu, kampuni za kimataifa na mashirika ya kimataifa. Michango ya waumini iliyo katika akaunti ya parokia, hata ikifika milioni mia, kwa kawaida haihesabiki kama fedha za mwanafunzi.

Baadhi ya familia hushauriwa kukopa kwa wiki moja, kuziingiza benki, kupiga chapa taarifa na kuzirudisha. Kufanya hivyo ni kumdanganya ofisa wa viza. Akigundua, mwombaji anaweza kuzuiwa kuomba tena kwa miaka kumi. Kamati isishiriki, wala isiandike barua ya kuunga mkono jambo hilo.

Kwa watu wa Kibirizi siku 28 zina maana yake. Mvuvi wa dagaa anategemea giza. Mbalamwezi ikitoka taa hazivuti samaki, na mitumbwi hupumzika. Siku 28 ni karibu mzunguko mzima, giza na mbalamwezi, ambapo fedha za petroli, za vibarua na za kununulia dagaa wa kuanika zingelazimika kulala benki. Tena mwaka 2024 na mwaka 2025 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Mwanafunzi anayeanza Septemba anatakiwa kulipa amana na kuonyesha akaunti katika miezi hiyo hiyo ambayo mwalo uko kimya na chanja ni tupu. Familia inayotegemea ziwa inapaswa kujiandaa mwaka mzima kabla, au iombe kuanza Januari katika vyuo vinavyopokea wanafunzi mwezi huo.

Akaunti ikiwa ya mzazi, cheti cha kuzaliwa kinahitajika ili kuthibitisha undugu, na majina yafanane katika nyaraka zote. Hapa mpakani, ambapo wengi tuna shangazi Burundi na wajomba upande wa Congo, maswali ya uraia huwa marefu wakati wa kuomba pasipoti. Cheti kinachopatikana kwa haraka baada ya barua ya chuo kufika huleta mashaka na ucheleweshaji. Kazi hiyo ya vyeti kamati inaweza kuianza leo kwa watoto walio darasa la tano, na haigharimu mtumbwi wa mtu.

Na baada ya masomo?

Familia nyingi zikisema "masomo" humaanisha "kazi". Si vibaya, ila tuseme wazi ili tuhesabu vizuri.

Tangu Julai 2021 mhitimu wa Uingereza ameweza kuomba kibali cha kubaki miaka miwili akifanya kazi yoyote bila mwajiri kumdhamini. Kwa watakaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 muda huo unapunguzwa kuwa miezi 18, isipokuwa wenye shahada ya uzamivu. Baada ya hapo, anayetaka kuendelea kubaki lazima apate mwajiri mwenye leseni ya kudhamini wageni, na mshahara mkubwa. Kiwango cha jumla kilichowekwa Julai 2025 ni paundi 41,700 kwa mwaka, na kwa wanaoanza kazi ni paundi 33,400. Kazi ya ghala au ya kuhudumia mgahawani haifiki huko, na hata ikifika si katika orodha ya kazi zinazokubaliwa. Kwa hiyo mhitimu wa biashara ana miezi 18 ya kumshawishi mwajiri, asiyemfahamu, agharimike kwa ajili yake wakati wapo wenyeji wasiohitaji karatasi yoyote. Wanaofaulu mara nyingi ni wale waliokwenda tayari wakiwa na ujuzi unaotafutwa, kama uhasibu wenye cheti cha kitaaluma au uchambuzi wa takwimu. Shahada peke yake haimtofautishi mtu na wenzake mia.

Aidha, tangu Januari 2024 mwanafunzi wa masomo kama MBA haruhusiwi kwenda na mume, mke au watoto. Kijana mwenye familia changa akija mezani, mwenzi wake naye aitwe asikilizwe.

Marekani ina habari yake. Tangazo la Rais la Desemba 2025, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2026, liliiweka Tanzania katika orodha ya nchi zilizositishiwa viza mpya za wanafunzi, isipokuwa kwa hali chache maalumu. Burundi iliwekwa katika vizuizi kama hivyo Juni 2025. Hivyo basi, kijana akileta barua ya chuo cha Marekani, swali la kwanza ni kama agizo hilo limeondolewa, na jibu litoke ubalozini, si kwa wakala. Hata kabla ya agizo, mhitimu alikuwa na mwaka mmoja wa kufanya kazi, na kisha aliingia katika bahati nasibu ya vibali 85,000 kwa mwaka inayogombewa na dunia nzima.

Kanada iliweka ukomo wa idadi ya wanafunzi wa kigeni mwaka 2024. Kiasi cha kujikimu kilichotakiwa kuanzia Septemba 2025, mbali na ada na nauli, kilifika dola za Kanada 22,895. Ujerumani nayo inavutia kwa sababu vyuo vya umma kwa sehemu kubwa havitozi ada. Tuwe waangalifu: MBA kwa kawaida haimo katika msamaha huo. Mwanafunzi hutakiwa kuweka euro 11,904 katika akaunti iliyofungwa, akizipokea 992 kila mwezi. Akihitimu anapewa miezi 18 ya kutafuta kazi, lakini bila Kijerumani kizuri ofisi za biashara humpita.

Wakala na chapa bandia

Mwaka 2023 huko Kanada ilifahamika kwamba mamia ya wanafunzi kutoka India, wengi wa jimbo la Punjab, waliingia nchini kwa barua za udahili za bandia zilizotengenezwa na wakala. Baadhi walikuwa wameshafika, wakaambiwa na wakala kwamba nafasi imejaa, wakahamia vyuo vingine, wakasoma kweli na kuhitimu. Uongo ulifichuka walipoomba ukaazi, nao wakakabiliwa na tishio la kufukuzwa nchini. Kuanzia Desemba 2023 serikali ya Kanada inahakiki kila barua na chuo husika kabla ya kutoa kibali.

Funzo letu liko katika jinsi wakala anavyolipwa. Vyuo vingi vya ng'ambo humpa wakala kamisheni, asilimia fulani ya ada ya mwaka wa kwanza. Kwa hiyo wakala atakusifia chuo kinachomlipa, si lazima kile kinachomfaa mwanao. Wapo mawakala waaminifu, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, inawasajili. Kamati iombe kuona usajili huo. Halafu iandike barua pepe moja kwa moja kwa ofisi ya udahili ya chuo, kwa anuani iliyo katika tovuti ya chuo chenyewe na siyo ile iliyochapwa kwenye barua, ikiuliza kama namba ya mwombaji ni ya kweli. Jibu huja ndani ya siku chache. TCU pia ndiyo inayotambua shahada za nje mhitimu anaporudi, basi aulize mapema kama chuo kile kinatambuliwa.

Anayedai malipo ili "kuachia" ufadhili wa masomo, mwambieni kwa heri. Ufadhili wa kweli hauuzwi. Chevening, kwa mfano, ni ufadhili wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1983. Hulipa ada, nauli na posho kwa mwaka mmoja, na kuomba ni bure. Mwombaji awe na saa 2,800 za kazi, yaani kama miaka miwili, na hutakiwa kurudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Binti wa mfano wetu, kama amekuwa akiendesha vitabu vya SACCOS ya wauza dagaa na kumbukumbu zake ziko sawa, ana cha kuandika katika fomu ile kuliko mwenzake aliyekaa akingoja barua.

Waliotangulia

Kuchangia msomi si jambo geni kwetu. Septemba 1959 ndege ya kwanza ya mpango ulioongozwa na Tom Mboya ilipeleka Marekani wanafunzi 81, na hadi mwaka 1963 walifika karibu 800, wengi wao Wakenya, wakiwemo pia wa Tanganyika na Uganda. Vijiji vilichangia nauli na fedha za matumizi. Mwalimu Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi 1952 na kufundisha Pugu. Lakini tazameni soko la kazi la wakati ule: nchi zilikuwa zinakaribia uhuru, ofisi zilikuwa zinatafuta watu, na kazi ilikuwa inamsubiri msomi nyumbani. Kijiji kilipochanga kilijua mtu wake atarudi. Leo familia inachanga ikitumaini asirudi mapema, na hiyo hubadilisha swali la nani anapaswa kulipa. Kwa maoni yetu, fedha za waumini wote hazifai kulipia safari ambayo faida yake, ikipatikana, ni ya nyumba moja. Mkopo wa SACCOS wenye dhamana ni jambo jingine, na familia ina uhuru wake.

Wafadhili wetu pengine mtauliza fedha hizo zifanye nini basi. Chuo Kikuu Huria kina kituo chake Kigoma, na mtu anaweza kusoma MBA huku akiendelea na kazi. Mzumbe na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafundisha masomo hayo, na SAUT Mwanza ni ya Kanisa letu wenyewe. Kwa zile milioni 90 za mwaka mmoja wa mtu mmoja, vijana kadhaa wangesomeshwa nchini hadi wamalize. Kwa anayekwenda ng'ambo, parokia isaidie yale madogo yanayomkwamisha: gharama ya mtihani wa Kiingereza, vyeti, nauli ya Dar es Salaam, na barua ya utambulisho yenye ukweli. Aliyehudumu kwaya miezi miwili asiandikiwe kuwa ameongoza vijana miaka mitano.

Maswali ya kujadili katika kikao

1. Katika parokia yenu, ni familia ngapi zimeuza chombo cha kazi ili kumpeleka kijana ng'ambo, na je, chombo hicho kimerudi?

2. Chukueni barua moja ya chuo, kwa ruhusa ya mwenyewe. Onyesheni masharti yake, tarehe ya mwisho, kiasi cha amana na utaratibu wa kuirudisha.

3. Rudieni hesabu ya paundi 27,227 kwa kutumia ada halisi ya kijana wenu na bei ya paundi ya siku hiyo. Nani atalipa miezi mitatu isiyohesabiwa?

4. Watoto wangapi wa shule ya msingi katika jumuiya yenu hawana cheti cha kuzaliwa? Majina yao yaletwe ofisi ya maendeleo kabla ya kikao cha robo ijayo, ili tupange siku ya kwenda nao kwa msajili wa wilaya.